Chakula na Jembe: Somo la Ustahimilivu kutoka Niger

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutajwa kwa kumkemea mvivu. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba ina mpangilio wake: chakula hutangulia na jembe hufuata. Mwenye nyumba hamkabidhi mgeni jembe siku anapoingia, angali na vumbi la safari na tumbo tupu. Humlisha kwanza. Wala hamlishi siku zote bila kumwonyesha shamba.

Katika makala haya tutatumia mpangilio huo kulichunguza suala linalozisumbua nchi nyingi za Afrika, nalo ni chakula cha msaada. Je, msaada wa chakula unaweza kumwacha mkulima akiwa na nguvu zaidi kuliko ulivyomkuta? Au humwacha palepale, akingojea gunia jingine mwaka unaofuata? Mfano wetu ni nchi ya Niger, ambayo imepatwa na njaa mara nyingi, na ambayo pia imetoa baadhi ya mafunzo bora ya kupambana nayo.

Nchi na majira yake

Niger iko Afrika Magharibi na haipakani na bahari. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 1,267,000, yaani inaizidi Tanzania kwa takriban thuluthi moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya nchi hiyo ni jangwa la Sahara, na wakulima wake wamekusanyika katika ukanda mwembamba wa kusini, kandokando ya mpaka wa Nigeria. Katika sehemu kubwa ya ukanda huo mvua ya mwaka ni baina ya milimita 300 na 600, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Juni hadi Septemba. Mazao makuu ya chakula ni uwele, mtama na kunde.

Kwa hiyo mavuno ya Oktoba hayana budi kuilisha familia hadi Oktoba nyingine. Miezi iliyo migumu kuliko yote ni ile ya mvua yenyewe. Wakati huo ghala limekwisha, bei sokoni imepanda, malaria imeenea, na shamba linadai kupandwa na kupaliliwa. Mwili hudaiwa kazi nyingi wakati ule ule unapopata chakula kidogo.

Ukame wa miaka ya 1968 hadi 1973 uliangamiza mifugo na mashamba katika ukanda wote wa Saheli. Mwaka 1973 nchi za ukanda huo ziliunda kamati ya pamoja ya kupambana na ukame, ijulikanayo kwa kifupi cha Kifaransa CILSS. Aprili 1974 serikali ya Rais Hamani Diori ilipinduliwa, na namna ilivyoushughulikia msaada wa chakula ilikuwa miongoni mwa malalamiko ya wananchi. Ukame mkali ulirudi mwaka 1984, na matatizo makubwa ya chakula yalitokea tena mwaka 2005, 2010 na 2012.

Njaa si uhaba wa nafaka tu

Watu wengi hudhani kwamba njaa huja pale nafaka inapotoweka nchini. Mwaka 2005 ulionyesha kwamba sivyo. Mwaka uliotangulia nzige na ukame viliharibu mazao, lakini mavuno ya nchi nzima yalipungua kwa kiasi cha sehemu moja tu ya kumi kulinganisha na wastani wa miaka mitano. Pamoja na hayo, makumi ya maelfu ya watoto walidhoofika kwa utapiamlo mkali, na shirika la madaktari la MSF peke yake liliwatibu zaidi ya watoto 60,000 katika mwaka huo.

Ilikuwaje? Mtaalamu wa uchumi Amartya Sen, katika kitabu chake kuhusu umaskini na njaa kilichotolewa mwaka 1981, alieleza kwamba mtu huweza kufa njaa huku chakula kikiwapo sokoni, iwapo hana uwezo wa kukipata. Tuchukue mfano wa kukisia. Katika mwaka wa kawaida mbuzi mmoja hununua gunia moja la uwele. Ukame ukija, malisho hukauka, mbuzi hukonda, na kila mfugaji hukimbilia kuuza. Bei ya mbuzi huanguka nusu. Wakati huohuo nafaka huadimika na bei yake hupanda maradufu. Sasa mbuzi wanne ndio watakaonunua gunia lile lile. Hakuna aliyeiba chochote, lakini robo tatu ya mali ya mfugaji imepotea.

Familia iliyobanwa hivyo hushuka ngazi baada ya ngazi. Kwanza hupunguza milo. Kisha hukopa. Kisha mume huenda mjini au nchi ya jirani kutafuta kibarua. Kisha huuzwa mbuzi, halafu ng'ombe wa kulimia, halafu mbegu huliwa, na mwishoni shamba lenyewe huwekwa rehani. Ngazi za mwanzo ni rahisi kuzipanda tena, lakini za mwisho ni ngumu mno. Hapo ndipo tunapoiona thamani ya wakati. Chakula kinachofika kabla mbegu hazijaliwa huokoa msimu mzima, na kile kinachofika baadaye huokoa uhai peke yake. Kuokoa uhai ni jambo kubwa, lakini aliyeokolewa atauanza mwaka ujao akiwa maskini kuliko alivyouanza mwaka huu.

Chakula cha dharura hufanya kazi gani mwilini?

Mashirika ya kimataifa hupanga posho ya dharura kwa kipimo cha wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Posho ya kawaida huweza kuwa gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta yaliyoongezwa vitamini, gramu 50 za unga ulioimarishwa kwa madini na vitamini, sukari kidogo na chumvi. Nafaka hutoa nguvu. Kunde hutoa protini ya kujenga mwili. Mafuta hutoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo, jambo lenye manufaa pale chakula kinaposafirishwa mbali.

Watoto wadogo huhitaji uangalizi wa pekee. Mhudumu wa kijiji anaweza kuwapima kwa utepe unaozungushwa kwenye mkono wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake haufiki milimita 115 ana utapiamlo mkali, na yumo hatarini kufa. Zamani mtoto wa namna hiyo alilazwa hospitali kwa majuma kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu. Maziwa hayo yalihitaji maji safi, na yakikaa yaligeuka kuwa makazi ya vijidudu. Katikati ya miaka ya 1990 daktari André Briend na mtaalamu wa vyakula Michel Lescanne, wote wa Ufaransa, walibuni uji mzito wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kipakiti cha gramu 92 kina kilokalori 500. Kwa kuwa hauna maji, vijidudu haviwezi kustawi ndani yake. Tena hauhitaji kupikwa. Mama huweza kumtibu mwanawe nyumbani, naye akaendelea kuwatunza wengine na kulima. Njia hiyo ndiyo iliyotumika kwa wingi Niger mwaka 2005, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliipendekeza kwa nchi zote.

Hizo ndizo siku mbili za mgeni. Sasa tulitazame jembe.

Kwa nini mvua hukataa kuingia ardhini

Mahali pengi nchini Niger kuna ardhi tupu, ngumu kama sakafu, ambayo Wahausa huiita fako. Ardhi ya namna hiyo ikiachwa bila majani wala mizizi, matone ya mvua huipiga moja kwa moja. Chembe laini za udongo hutawanyika, huziba vitundu vilivyo juu ya ardhi, na jua likiwaka hukauka zikawa gamba. Mvua inayofuata haipenyi. Hutiririka, ikichukua udongo wenye rutuba, na kukimbilia bondeni. Hivyo shamba huweza kufa kiu katika mwaka ambao kipimo cha mvua kinaonyesha milimita za kutosha.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa jaribio jepesi. Chukua sinia mbili zenye udongo wa mfinyanzi, uushindilie, kisha uziinamishe kidogo. Katika moja, toboa vishimo na utie samadi kidogo katika kila kishimo. Nyunyizia zote kiasi kilekile cha maji, na ukinge maji yanayotoka chini ya kila sinia. Tofauti ya vikombe viwili ndiyo maji ambayo mmea ungeyanywa.

Wakulima wa Niger hutumia njia mbili hasa za kulivunja gamba hilo. Ya kwanza ni mashimo yaitwayo tassa. Shimo moja lina kipenyo cha sentimita 20 hadi 30 na kina cha sentimita 15 hadi 25, na hekta moja huhitaji mashimo 10,000 au zaidi. Huchimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa samadi. Samadi huwavuta mchwa, na mchwa huchimba njia ndogondogo ambazo maji hushuka kwazo. Mvua ikinyesha, mbegu hupandwa ndani ya shimo, penye maji na mbolea pamoja.

Njia ya pili ni nusu mwezi. Hili ni shimo la nusu duara lenye kipenyo cha mita 4, na udongo wake hupangwa kuwa tuta upande wa bondeni ili kuyazuia maji. Mashimo hupangwa kwa kupishana katika mistari inayofuata kontua, kiasi cha 313 kwa hekta. Hebu tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kila nusu mwezi hutawala mita za mraba 32 hivi. Shimo lenyewe ni mita 6.3, na mita 25.7 zilizobaki ni uwanja mgumu unaoteremsha maji. Ikinyesha mvua ya milimita 10, shimo hupata lita 63 kutoka juu. Tukikadiria kwamba nusu ya maji ya uwanja hutiririka na kukamatwa, zinaongezeka lita 128. Jumla ni lita 191, sawa na milimita 30 katika sehemu iliyopandwa. Ugumu wa ardhi, uliokuwa adui, umegeuzwa kuwa mfereji.

Njia hizi hazikubuniwa ofisini. Mwaka 1989 mradi uliosaidiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) uliwapeleka wakulima 13 wa wilaya ya Illéla, Niger, hadi mkoa wa Yatenga nchini Burkina Faso. Huko waliwaona wenzao wakitumia mashimo yaitwayo zaï. Waliporudi walijaribu katika mashamba yao. Mwaka uliofuata mvua ilikuwa haba, na mashamba yenye mashimo yakatoa mavuno yaliyoonekana na kila mpita njia. Baada ya miaka michache ardhi tupu, ambayo hapo kwanza haikuwa na mnunuzi, ilianza kuuzwa na kununuliwa.

Msitu uliofichika chini ya ardhi

Mfano mwingine unahusu miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa akipanda miche katika eneo la Maradi, na mingi ilikufa. Ndipo alipotambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa, ambayo mizizi yake ilikuwa ingali hai. Wakulima walikuwa wakiyafyeka kila mwaka. Ilitosha kuchagua machipukizi machache katika kila kisiki, kuyapogolea, na kuyalinda.

Ukame wa mwaka 1984 ulipokuja na chakula cha msaada kikaletwa, familia zilipewa chakula kwa sharti la kuhifadhi visiki katika mashamba yao. Matokeo yake yanafaa kuzingatiwa sana. Chakula kilipokoma, wakulima wengi waliikata miti ile. Kama tungepima mafanikio siku hiyo, tungesema kazi imekuwa bure. Lakini walibaki waliokuwa wameona kwamba upepo haufukii tena miche ya uwele, kwamba kuni zimekaribia nyumbani, na kwamba mbuzi wana majani ya kula wakati wa kiangazi. Hao waliendelea bila kulipwa, na majirani wakawaiga. Kulegezwa kwa usimamizi wa sheria za misitu, ambazo zilimfanya mkulima aogope kutozwa faini kwa mti ulio katika shamba lake mwenyewe, nako kulisaidia. Watafiti Chris Reij na Gray Tappan walipolinganisha picha za angani za miaka ya 1970 na picha za baadaye za setilaiti, walikadiria kwamba miti imerudi katika hekta zipatazo milioni 5 kusini mwa Niger.

Somo ni hili: chakula huweza kununua msimu mmoja wa majaribio. Hakiwezi kununua imani ya mkulima. Hiyo huletwa na faida anayoiona kwa macho yake, na uhakika kwamba faida hiyo ni yake.

Kuunganisha chakula na kazi

Mwaka 2012 serikali ya Niger ilianza kutekeleza mpango ujulikanao kama 3N, yaani Waniger Huwalisha Waniger. Tangu mwaka 2014 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) nalo limekuwa likiunganisha chakula na ukarabati wa ardhi katika vijiji vilevile kwa miaka kadhaa mfululizo. Mpangilio wake hufuata majira:

1. Oktoba hadi Desemba ni wakati wa mavuno. Lengo ni kuhifadhi. Mahali pengine mkulima huweka nafaka ghalani kama dhamana ya mkopo, badala ya kuiuza yote bei ikiwa chini.

2. Januari hadi Mei ni kiangazi. Wenye nguvu huchimba nusu mwezi na mashimo ya tassa, na hulipwa chakula, au fedha pale soko linapokuwa na nafaka ya kutosha. Hivyo wengi hawalazimiki kuhama kutafuta kibarua.

3. Juni hadi Septemba ni wakati wa kilimo. Familia maskini hupewa msaada bila sharti la kuchimba. Sababu ni kwamba maskini asiye na chakula hulazimika kupalilia shamba la mwingine kwa ujira, huku shamba lake likimezwa na magugu. Chakula cha miezi hii humrudisha katika shamba lake mwenyewe.

Watoto hupimwa na kutibiwa katika vijiji hivyohivyo, na shule husaidiwa kwa mlo wa mchana. Katika mwaka mgumu wa 2022, WFP ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya vijiji vilivyokuwa katika kazi hii havikuhitaji msaada wa dharura. Ni kweli kwamba mwanasayansi hulipokea tokeo la namna hii kwa tahadhari, maana kulinganisha vijiji si sawa na kulinganisha mirija ya maabara. Hata hivyo linakubaliana na tuliyoyaona Illéla na Maradi.

Mipaka ya jembe

Tusije tukadhani kwamba nusu mwezi huponya kila ugonjwa. Kwanza, mzee, mgonjwa na mama mjamzito hawapaswi kuambiwa wachimbe ndipo wale. Haki yao ya chakula haitegemei jembe. Pili, mashimo hujaa mchanga, hivyo lazima yatengenezwe kila mwaka. Tatu, ardhi iliyofufuliwa huvutia wenye nguvu, na mjane aliyechimba huweza kunyang'anywa iwapo kijiji hakikuafikiana mapema juu ya umilikaji.

La nne na kubwa zaidi ni vita. Tangu mwaka 2015 mashambulizi ya makundi yenye silaha yamewahamisha watu wengi katika eneo la Diffa, na baadaye katika eneo la Tillabéri. Mkimbizi huweza kubeba mtoto na sufuria, lakini hawezi kubeba shamba. Tena, baada ya mapinduzi ya Julai 2023, Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Afrika Magharibi (ECOWAS) iliiwekea Niger vikwazo na mipaka ikafungwa, mpaka vilipoondolewa Februari 2024. Malori ya chakula yalikwama mpakani na bei zikapanda. Mwaka 2025 nchi tajiri zikapunguza sana misaada yao duniani. Mambo haya yanaonyesha pande mbili za ukweli. Kijiji chenye udongo ulio hai humtegemea kwa kiasi kidogo dereva aliyekwama mpakani. Lakini kijiji kilichohamishwa kwa bunduki hakina budi kulishwa na wengine, na hakuna elimu ya udongo inayoweza kuchukua nafasi ya wajibu huo.

Hitimisho

Mafunzo haya si mageni kwetu. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa mashimo ya ngoro tangu zamani, na Wasukuma wametenga ngitili kwa ajili ya malisho ya kiangazi, desturi iliyofufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Mkoani Dodoma, ambako mradi wa hifadhi ya ardhi ulianzishwa mwaka 1973, wakulima wa siku hizi hulinda machipukizi ya visiki kwa njia waiitayo kisiki hai, ambayo ni ile ile iliyotokea Maradi.

Kwa hiyo msaada wa chakula usipimwe kwa idadi ya magunia peke yake. Tuulize: ulifika kabla au baada ya mbegu kuliwa? Ulimwezesha mkulima kubaki katika shamba lake? Na ulipokoma, ardhi ilikuwa laini au ngumu kuliko hapo kwanza? Methali yetu ilikwisha kutupa mpangilio. Yeye ampaye mgeni jembe kabla ya chakula ni mkatili. Na ampaye chakula daima bila jembe humfanya aendelee kuwa mgeni, hata katika nchi yake mwenyewe.